Gari Kuukuu la Garbatulla na Mtihani wa Kila Mwaka

Mwalimu anayefundisha Garbatulla hahitaji kuelezwa thamani ya gari. Mji huo mdogo wa Kaunti ya Isiolo umelala katika nyanda kavu za Waso, zaidi ya kilomita mia moja mashariki ya mji wa Isiolo, na kila kinachomfikia mkaazi wake, kuanzia chaki, unga na dawa hadi karatasi za mtihani, hufika kwa magurudumu. Mgonjwa aliyezidiwa hukimbizwa Isiolo kwa gari. Mwanafunzi wa Sericho au Modogashe anayerejea bwenini shule zinapofunguliwa hupanda gari, na mara nyingi kiti chake ni gunia. Gari lenyewe, aghalabu, si jipya. Ni Land Rover au Toyota Land Cruiser ambalo huenda limemzidi umri dereva wake, na ambalo limebadilishwa vyungu vya ndani mara nyingi kuliko mwenyewe anavyoweza kukumbuka.

Gari kama hilo, likiwa la abiria au la mizigo, linatakiwa na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, likaguliwe kila mwaka. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa polisi kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Isitoshe, mwaka 2025 wizara inayohusika na uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni ambazo zililenga kuyaingiza katika ukaguzi hata magari ya binafsi yenye umri wa zaidi ya miaka minne. Suala ambalo zamani liliwahusu wenye matatu na malori limeanza kubisha hodi kwa mwalimu aliyekopa kwenye chama cha ushirika akajinunulia gari lililokwisha kutumiwa na wengine.

Hoja ninayoileta leo ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza. Faida ya ukaguzi wa kila mwaka haimo katika stika inayobandikwa kiooni. Imo katika majuma yanayoutangulia ukaguzi, pale mwenye gari anapolazimika kulala chini ya gari lake na kuangalia yale ambayo mwaka mzima aliyapa kisogo. Anayeyaruka majuma hayo na kutafuta njia ya mkato ya kuipata stika amelipia karatasi tu. Abiria wake wamebaki na hatari ileile waliyokuwa nayo jana.

Walimu wataielewa hoja hii upesi kuliko wengine, kwa kuwa wanaujua mtihani. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A katika mtihani wa KCSE, katika mwaka uliotikiswa na kashfa ya karatasi zilizovuja. Mwaka 2016, usimamizi ulipokazwa, waliopata A walikuwa 141. Watu wakabishana sana kuhusu sababu zote za tofauti hiyo, lakini funzo moja halikumpita yeyote: cheti kinaweza kuwapo na elimu isiwepo. Ndivyo ilivyo kwa magari. Wapo wenye magari ambao huazima tairi nzuri za jirani kwa siku moja, wakapita nazo mbele ya mkaguzi, kisha jioni wakazirudisha na kuzifunga zile zao zilizokwisha kuwa laini kama kipara. Huo ni wizi wa mtihani, na matokeo yake hayatangazwi na waziri. Hutangazwa na korongo.

Yamkini msomaji atauliza kama ukaguzi wenyewe una faida yoyote iliyothibitishwa. Swali hilo ni la haki na lisikwepwe. Nchini Norway watafiti waliwahi kuyagawa magari 204,000 katika mafungu matatu kwa njia ya bahati nasibu. Fungu la kwanza lilikaguliwa kila mwaka kwa miaka mitatu, la pili lilikaguliwa mara moja tu, na la tatu halikukaguliwa kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Magari yaliyokaguliwa yalikuwa katika hali bora ya kiufundi, ila tofauti katika idadi ya ajali haikuonekana.

Wapinzani wa ukaguzi huushika utafiti huo kama mkuki. Kwa maoni yangu, unatufunza jambo jingine. Norway ni nchi yenye lami na gereji zilizo karibu, na raia wake wengi hulipeleka gari kwa fundi hata kabla halijalalamika. Ukaguzi uliwakuta watu waliokwisha kuwa na desturi ya kutunza, na kwa hiyo haukuwa na mengi ya kuongeza. Garbatulla mambo ni kinyume. Barabara hulipiga gari kila siku, vipuri viko mbali, pesa ni chache, na gari likiwaka asubuhi huhesabiwa kuwa zima. Mahali kama hapo, tarehe ya ukaguzi huenda ikawa siku pekee katika mwaka inayomlazimisha mwenye gari kuuliza swali ambalo angelipenda lisiulizwe. Lakini tarehe hiyo itafaa tu kama maandalizi ni ya kweli.

Tusisahau pia kisa cha kanuni ambazo wananchi walizipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki. Zilichapishwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zikidai mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika matatu, mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Kwa muda nchi nzima ilinyooka. Baadaye woga ulipopungua mikanda ikageuka mapambo, na vidhibiti mwendo vikachezewa na mafundi walewale waliovifunga. Kinachotendwa kwa hofu ya askari hudumu muda wa askari kusimama barabarani. Kinachotendwa kwa kuelewa hudumu zaidi, na kuelewesha ndiyo kazi ya mwalimu.

Tuanze basi kulielewa gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa ulimwengu mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Vikuu vya Pili. Waundaji wakalivisha gari hilo mwili wa aluminiamu, madini ambayo hayaliwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani uti wa mgongo unaobeba kila kitu, ilibaki kuwa ya chuma. Ndiyo maana Land Rover kuukuu inaweza kung'aa ubavuni ilhali mifupa yake imekwisha kuliwa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984 na ambazo ndizo farasi wa kaskazini siku hizi, zina mwili wa chuma, na hizo huliwa nje na ndani.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya maandalizi ni maji. Gari lioshwe chini, mwezi mmoja kabla ya siku ya ukaguzi, mpaka matope ya mvua zilizopita na vumbi lililoganda kwa mafuta vitoke vyote. Likishakauka, liendeshwe siku mbili tatu, kisha mtu alale chini na tochi. Kila unyevu mpya atakaouona ni ushahidi. Mafuta ya injini, mafuta ya breki, maji ya rejeta na dizeli, kila kimoja kina rangi na harufu yake, na uvujaji uliojificha chini ya matope ya mwaka mzima sasa hauna pa kujificha. Kisha achukue nyundo ndogo na kuigonga chesisi kwa upole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti iliyokufa, kama debe lililojaa mchanga. Penye sauti hiyo pakatwe na kuchomelewa chuma kipya na fundi anayeijua kazi. Kupaka rangi juu yake ni kuuvalisha ugonjwa kanzu, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatua ya pili ni breki. Mwalimu wa fizikia anaweza kulifanya somo hili bila kitabu. Katika karne ya kumi na saba Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba shinikizo likiwekwa juu ya kimiminiko kilichofungiwa, huenea sawasawa kila upande. Ndivyo mguu wa dereva unavyoyafikia magurudumu manne kwa mkupuo. Lakini kanuni hiyo hutegemea kimiminiko kitupu kisicho na hewa ndani yake. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Breki zikipata joto kali, kama vile gari lenye mzigo linapoteremka kutoka nyanda za juu za Meru kuelekea Isiolo, maji hayo huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga na mguu ukazama hadi sakafuni. Mafuta hayo hayana budi kubadilishwa takriban kila miaka miwili, hata kama hayajapungua.

Upo ujanja mmoja wa vijijini ambao lazima usemwe wazi. Breki ya gurudumu moja ikianza kuvuja na kipuri kikakosekana, fundi huliminya bomba la gurudumu hilo kwa koleo ili mafuta yasipite, na gari likaendelea kwa breki za magurudumu matatu. Huenda likafaa kulifikisha gari kwa fundi mwingine polepole. Ila ujanja huo hukaa miezi, na dereva huzoea kuushika usukani kwa nguvu kila anapokanyaga breki, kwa kuwa gari huvutia upande mmoja. Kwenye kituo chenye mtambo wa kupimia, ambapo magurudumu huzungushwa juu ya miviringo ya chuma, siri hiyo hufichuka mara moja. Afadhali ifichuke hapo kuliko mbele ya kundi la ngamia wanaovuka njia usiku.

Hesabu nayo ina neno hapa. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva akichelewa kwa sekunde moja kuiona hatari, mita hizo 22 zimekwisha kwenda kabla hata mguu haujagusa breki. Na kwa kuwa nguvu ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, gari la kilomita 80 lina nguvu mara nne ya gari la kilomita 40. Breki zinazomtosha mtu akienda polepole mjini zinaweza kumsaliti kabisa akiwa njiani.

Hatua ya tatu ni usukani na springi. Barabara ya murram hujikunja kama mabati, na kila mkunjo ni pigo dogo la nyundo. Mapigo hayo yakizidi, nati hulegea na bushi za mpira hulika. Kazi hii inataka watu wawili. Gari likiwa limesimama, mmoja auchezeshe usukani kushoto na kulia huku mwenzake akitazama chini. Kila kiungo kinachocheza kabla ya gurudumu kugeuka kimechoka. Kisha gurudumu la mbele liinuliwe, lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, bearingi inataka kukazwa au kubadilishwa. Springi za vyuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka zichunguzwe moja moja, kwani ufa mwembamba hujionyesha kwa mstari wa kutu. Bolti zinazozifunga springi kwenye ekseli zikazwe. Wala asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Magurudumu mengine yawekewe mawe, na gari likalishwe juu ya magogo imara. Jeki imewaua mafundi waliojua kila kitu isipokuwa kuiogopa.

Hatua ya nne ni tairi. Miiba ya migunga huingia ubavuni mwa tairi, mahali ambapo kiraka hakishiki vizuri, na jua la Waso huukausha mpira hata wa gari lisilosafiri. Kwa hiyo kina cha mifereji peke yake hakitoshi. Nchi za Ulaya hudai kina kisichopungua milimita 1.6, lakini tairi lenye mifereji mirefu linaweza kuwa limezeeka na kupasukapasuka pembeni. Wanafunzi watafurahi kujua kwamba ubavuni mwa tairi kumechapwa tarakimu nne za tarehe yake ya kuzaliwa. Tarakimu 2319, kwa mfano, zina maana ya juma la 23 la mwaka 2019. Mwenye gari akiambiwa dukani kwamba tairi ni jipya, asome mwenyewe. Azitazame pia nati za magurudumu: michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati huashiria kwamba imelegea na inasugua.

Hatua ya tano ni yale mambo ambayo watu huyaita madogo. Taa zote ziwake, indiketa zimemete, honi ilie, waipa zifute, vioo viwe vizima. Vumbi huingia kwenye viungo vya nyaya, na mara nyingi taa inayodhaniwa kuwa imekufa inahitaji tu waya wake usuguliwe kwa msasa. Springi za nyuma zikilala kwa sababu ya mizigo, taa za mbele huelekea mbinguni na kumpofusha anayekuja, kwa hiyo zielekezwe upya. Mikanda ya viti, kizimamoto, pembetatu za tahadhari na sanduku la huduma ya kwanza viwepo, tena viwe vinafanya kazi. Moshi nao una lugha yake. Mweusi wasema kwamba injini ya dizeli inapata mafuta mengi kuliko hewa, na katika nchi ya vumbi mshukiwa wa kwanza ni kichujio cha hewa kilichoziba. Wa buluu wasema mafuta ya injini yanaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto huenda ukawa na habari ya maji kuingia pasipostahili.

Hatua ya mwisho ni makaratasi. Magari mengi makuukuu yamewekewa injini za magari mengine, na namba ya injini iliyo kwenye kumbukumbu za serikali haifanani tena na ile iliyochapwa kwenye chuma. Mwenye gari ahakikishe mapema kwamba namba ya chesisi inasomeka na kwamba mabadiliko yameandikishwa. Ni huzuni kulikarabati gari kwa pesa za mbuzi kumi, kisha likarudishwa kwa sababu ya namba.

Sasa gari liko tayari, nalo lina safari. Wenye magari wa Garbatulla huelekea Isiolo, kisha hupanda hadi Meru kwenye kituo cha ukaguzi, baada ya kuomba nafasi na kulipa ada kwa mtandao. Hapa pana jambo ambalo mkaazi wa Nairobi hawezi kulifikiria. Gari lililoandaliwa Garbatulla silo litakalofika Meru. Likiwa limetikiswa safari nzima, nati iliyokazwa jana imelegea leo, na taa iliyowaka jioni imekatika waya asubuhi. Dereva mwenye busara hulala Isiolo, akazipitia tena nati, taa na mabomba ya breki kabla ya kupanda mlima. Saa moja ya kazi hiyo huokoa safari nzima ya pili.

Na hapa ndipo ninapokubaliana na malalamiko ya watu wa kaskazini. Kwa miongo mingi magari yaliyoelekea huko yalisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi mjini Isiolo. Hoja iliyotawala ilikuwa ulinzi: nani anasafiri, amebeba nini, anafuatana na nani. Hali ya breki haikuwa shughuli ya kizuizi. Gari la kaskazini likazoea kuulizwa limebeba nini, halikuzoea kuulizwa lina afya gani. Leo tunapomtaka mwenye gari huyohuyo asafiri siku nzima, apoteze mapato na achome mafuta ili gari litazamwe kwa muda mfupi, tusishangae akishawishika kumtafuta mtu wa kumpatia stika bila gari kuonekana. Njia ya halali ikiwa ndefu mno, njia ya haramu hupata wateja.

Dawa yake haiko mbali. Watoto wa wafugaji hawakuweza kuifuata shule, kwa hiyo shule ikawafuata wao, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazitambua shule za kuhamahama. Kliniki nazo huwafuata wafugaji kwenye malisho. Mbona ukaguzi wa magari usifuate? Mamlaka ipeleke wakaguzi na vifaa vyao Garbatulla, Merti na Kinna kwa siku zinazojulikana kila mwaka, baada ya masika kwa mfano, wakati barabara zimekwisha kukauka na magari yamekwisha kuumia. Wakati huohuo kaunti iwapatie mafundi wa jua kali mafunzo na orodha ileile anayoitumia mkaguzi, ili makosa yajulikane nyumbani kabla ya kujulikana kituoni.

Wala jambo hili si geni kwa Waborana wa Waso. Wao wana utaratibu wa dedha, ambapo wazee huamua ni malisho gani yatumiwe wakati wa mvua na yapi yaachwe kwa ajili ya kiangazi, na mifugo haihamishwi bila kwanza watu kutangulia kuiangalia hali ya majani na maji. Jamii inayokagua nyasi kabla ya kuzikanyaga haihitaji kufundishwa upya maana ya kukagua. Inahitaji kuonyeshwa kwamba gari nalo ni mfugo, na kwamba mfugo huyu akianguka huanguka na watu.

Nanyi walimu mna nafasi yenu. Shule yenye gari na iwe na daftari lake, na kila Ijumaa wanafunzi wawili wa zamu waandike, wakiwa na dereva, hali ya tairi, taa, maji, mafuta na mkanyago wa breki. Gari likiwa limesimama na kuzimwa, hakuna hatari katika kazi hiyo, na ndani yake mna fizikia, hesabu, kemia ya kutu na Kiswahili cha kuandika ripoti. Mwaka ukiisha, daftari hilo litakuwa maandalizi yaliyokwisha kufanyika, na ukaguzi utabaki kuwa kuthibitisha tu. Mwanafunzi aliyelijaza daftari hilo atakuwa na ujasiri wa kumuuliza dereva wa gari lolote, kabla ya kupanda juu ya magunia: mzee, breki zako zimetazamwa lini?

Katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Ni kweli kwamba vifo vingi hutokana na makosa ya wanadamu. Lakini kuendesha gari ambalo unajua breki zake ni tatu badala ya nne ni kosa la mwanadamu pia, na kulipanda ukijua, na kunyamaza, ni ndugu yake. Shime walimu, shime wanafunzi! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gari la Garbatulla lina nyufa ambazo spana, tochi na saa mbili za Jumamosi zaweza kuziziba.